Sangara wa Mwanza, papa wa Tanga: zebaki iko kwa nani?

Tangu ile sauti ya WhatsApp ianze kuzunguka, sijauza sangara kwa amani. Wengi wenu mmeisikia. Mwanamume mwenye sauti ya kutangaza msiba anasema samaki wote wa Ziwa Victoria wamejaa zebaki ya machimboni, na mjamzito akila kichwa cha sangara basi mtoto ndiyo tena. Hataji jina lake, wala hasemi nani alipima, wapi, lini. Lakini wateja wangu wa Dar wameisikiliza hadi mwisho, na kila nikiweka picha ya mzigo wa asubuhi napata ujumbe uleule: "Dada, hao hawana zebaki?"

Najibu hapa mara moja ili nisirudie. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa Mwanza. Nanunua samaki mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nawapanga kwenye makasha ya barafu, nawapandisha basi. Kwa hiyo nina maslahi kwenye jambo hili, mjue hivyo mnaponisoma. Ila kabla ya biashara niliwahi kufanya kazi kiwanda cha minofu, kitengo cha ubora, nikikata vipande vya kupelekwa maabara, na huko nilijifunza kusoma cheti cha vipimo bila kuogopa tarakimu.

Jibu: wanayo. Kila samaki ana zebaki, wa ziwa, wa mto, wa bwawa, wa bahari. Cha kuuliza ni kiasi gani, na kwa nini huyu amebeba nyingi kuliko mwenzake.

Zebaki ile inayong'aa na kukimbiakimbia, ambayo wachimbaji hubeba kwenye vichupa, siyo hasa inayokaa kwenye nyama ya samaki. Ile ikimezwa, mwili huifyonza kidogo sana; ubaya wake mkubwa ni mvuke, ukiuvuta puani. Mambo yanabadilika inapofika kwenye tope la chini ya maji, kule kusiko na hewa. Kuna bakteria wanaoishi humo ambao huigeuza kuwa methili-zebaki, na hiyo utumbo huipokea karibu yote. Mwani unaibeba kidogo, wadudu wa majini wanakula mwani, dagaa anakula wadudu, sangara anakula dagaa na furu. Kila anayekula mwenzake anarithi alichokusanya mwenzake, na kukitoa mwilini ni kazi ya muda mrefu. Hata sisi binadamu, nusu ya methili-zebaki uliyokula leo hutoka baada ya siku kama 50 hadi 70. Kwa mjamzito hupita kondo la nyuma na kuelekea kwenye ubongo wa mtoto unaojengwa, ndiyo maana wao huwekewa tahadhari ya peke yao.

Na hapo jikoni hapana msaada. Nimeulizwa kama limau linatoa, kama kukaanga kunatoa, kama kutupa kichwa na matumbo kunatoa. Hapana kwa yote matatu. Ingekuwa inakaa kwenye mafuta ungeyachuja ukayamwaga, lakini yenyewe hung'ang'ania protini, yaani minofu ileile unayoitaka. Kichwa cha sangara hakina kosa lolote la ziada. Aliyetunga ile sauti nadhani alitafuta tu kiungo kitakachotisha watu.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Kule Minamata, mji wa wavuvi kusini mwa Japani, kiwanda cha Chisso kilimwaga maji yenye zebaki baharini kuanzia 1932 hadi 1968. Walianza paka: wakitapatapa, wakizunguka kama wanacheza ngoma, wakianguka majini. Mei 1956 ugonjwa wa watu ukatambuliwa rasmi: ganzi ya vidole na midomo, kuyumba, macho kuona katikati tu, kusema kwa shida. Na kuna akina mama waliokuwa na dalili ndogo tu ambao watoto wao walizaliwa na ulemavu mkubwa wa ubongo. Jina la mji huo ndilo lililopewa mkataba wa kimataifa wa zebaki uliopitishwa Oktoba 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017. Tanzania imo.

Lakini Minamata ilikuwa ghuba iliyojibana, na kiwanda kilikuwa kinamwaga methili-zebaki iliyokwisha kuwa tayari, haikuhitaji hata bakteria wa kuigeuza. Ziwa Victoria ni jambo jingine. Samaki wake wamepimwa na watafiti mbalimbali, upande wetu, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na matokeo yanafanana: kiasi ni kidogo. Kikomo kinachotumika sana kwenye biashara ni miligramu 0.5 za zebaki kwa kilo ya samaki. Sato na dagaa wako chini kabisa ya hapo. Sangara wakubwa ndio huongoza, na wachache miongoni mwao hufika 0.2 au kuzidi, kiwango ambacho wataalamu hukitumia kama tahadhari kwa wajawazito na watu wanaokula samaki kila siku.

Kwa nini kidogo, wakati dhahabu iko ng'ambo tu ya ghuba? Sato ni mla mwani, yuko chini kwenye ngazi ya kulana. Dagaa haishi muda mrefu wa kutosha kukusanya kitu. Sangara ndiye mla wenzake, lakini anakua haraka kupita kiasi: nyama inaongezeka upesi kuliko zebaki inavyoingia, kwa hiyo kila kilo inabeba kidogo. Na ziwa lenyewe ni kubwa, limejaa mwani, zebaki inatawanyika kwa walaji wengi mno. Wakumbukao ule mwaka 1999 Ulaya ilipogoma kununua sangara wetu, sababu ilikuwa watu waliokuwa wakivua kwa dawa za kuulia wadudu. Zebaki haikuwa kwenye kesi ile.

Sasa twende machimboni, maana hapo ndipo kuna jambo, ila siyo lile linalosemwa.

Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, anachimba upande wa Geita. Niliwahi kumfuata huko kwa shughuli ya kifamilia nikakaa mwaloni kwake asubuhi nzima, na msomaji wa pwani nikufafanulie kwamba mwalo wa machimbo siyo mwalo wa samaki. Ni pale wanapooshea mawe yaliyosagwa. Mawe hutoka duarani, yaani shimoni, kwenye viroba, yanaingia karasha, yanatoka unga. Unga unamwagiwa maji juu ya mbao zilizotandikwa magunia, mchanga mwepesi unapita, mzito unanasa. Magunia yanakung'utwa kwenye karai. Halafu kaka akatoa kichupa mfukoni, akadondosha zebaki, akaanza kuuvuruga ule mchanga kwa mikono mitupu, taratibu, akizungusha karai na kumwaga maji, mpaka likabaki donge la rangi ya fedha. Akalikamua ndani ya kitambaa. Zebaki ya ziada ikarudi kwenye kichupa. Donge likawekwa kwenye kifuniko cha kopo juu ya jiko la mkaa.

Lile jiko lilikuwa la nyumbani. Shemeji alikuwa anasubiri amalize ili abandike maharage.

Moshi wenyewe huuoni wala kuunusa. Kaka alisimama upande upepo unakotoka, hilo analijua. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amechuchumaa upande wa pili akitazama donge likigeuka manjano, kwa sababu ni kitu kizuri kukitazama, siwezi kukataa. Nikamwambia kaka, kuna kile chombo kinaitwa retoti, kinafunika, kinaupoza mvuke, zebaki unaipata tena, wala huna hasara. Akanijibu kistaarabu kwamba anacho, kiko chini ya kitanda. "Dada, hapa tupo watu watano kwenye hilo donge. Ukilifunika, kila mmoja atasema umemwibia. Lazima wote walione linavyoiva." Nimeshahudhuria semina za usalama kazini kwenye hoteli nzuri za Mwanza na sijamsikia mtoa mada hata mmoja akigusa hoja hiyo.

Kwa hiyo kama kuna mtu wa kumhurumia kwa zebaki, ni yule mtoto aliyechuchumaa, na siyo mla sangara wa Kinondoni. Mvuke unaingia mapafuni moja kwa moja, bila kupitia kwa samaki yeyote.

Samaki wa machimbo nao wapo, na hao sitawatetea. Pembeni ya mialo kuna madimbwi na vijito vya maji ya rangi ya tope, na vijana huvua mumi na kamongo humo, wanawatunga kwenye ujiti na kuwauza barabarani. Mchanga uliokwisha oshwa, wenyewe huuita marudio, hulundikwa hapohapo ukiwa bado na zebaki ndani. Baadaye wenye mitambo ya sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, huununua kuukamua dhahabu iliyobaki, na sayanaidi ikikutana na zebaki huiyeyusha, ikawa rahisi zaidi kusafiri na maji. Miaka ya mwanzo ya 2000 wanajiolojia wa Uingereza, kupitia mradi wa Umoja wa Mataifa, walipima Rwamagasa, moja ya machimbo makubwa ya wachimbaji wadogo wilayani Geita. Samaki wa maji yaliyo jirani na mialo walikutwa na zebaki nyingi, na wale wa ziwani, Ghuba ya Nungwe, walikutwa na kidogo. Kambare, au mumi kama tunavyomwita huku, anakula chochote na anaishi ndani ya tope lenyewe, kwa hiyo sishangai. Mimi hao siwanunui, hata waletwe kwa bei ya kutupa. Na ukipita barabara ile na gari lako, usiwanunue.

Jambo jingine ambalo watu wa ile sauti hawalijui: maji ya Rwamagasa hayaji Ziwa Victoria. Yanateremka kusini, mto Isingile, kisha Nikonga, kuelekea vinamasi vya Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Ramani ikitazamwa vizuri, anayepaswa kuuliza maswali ya mto huo ni mtu wa Kigoma.

Kabla sijatoka Mwanza, kisa kimoja ambacho hukitumia kuwanyamazisha mashoga zangu. Miaka ya 1990 Dk. Harada Masazumi, yule aliyewashughulikia wagonjwa wa Minamata karibu maisha yake yote, alifika mpaka huku na wenzake. Walikata nywele za wachimbaji wa dhahabu, za wavuvi na familia zao, na za wakazi wa jiji la Mwanza, maana nywele hutunza kumbukumbu ya zebaki mwilini. Wengi walikuwa na kiasi cha kawaida. Wachache wakakutwa na kiasi kikubwa cha kutisha, na walipochunguza aina ya zebaki yenyewe, haikuwa ile ya kwenye samaki. Kwa baadhi ya watu wa mjini kidole kilielekea kwenye sabuni za kujichubua. Mkorogo! Mwanamke anaacha sangara kwa kuogopa zebaki, jioni anajipaka zebaki shingoni na usoni, anambeba mtoto kifuani. Mkataba wa Minamata umepiga marufuku vipodozi vya namna hiyo, lakini sokoni bado vinapita, vingine havina hata maandishi ya viungo. Nikisema haya kuna watu hununa.

Mabwawa nayapitia haraka, kwa kuwa kuna mteja wangu wa Morogoro aliuliza. Nchi za baridi, Kanada na Ufini, ziligundua kwamba ukijenga bwawa jipya na kuzamisha msitu, majani na udongo vikianza kuoza chini ya maji, bakteria wale hufanya sherehe, na samaki hupanda zebaki kwa miaka mingi bila kiwanda wala mgodi. Ndipo Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Akagi wa Japani wakapima samaki wa mabwawa yetu ya umeme, Mtera, Kidatu, Hale na Nyumba ya Mungu, wakachapisha matokeo 2003. Aliyeongoza hakufika hata miligramu 0.15 kwa kilo. Hayo yalikuwa mabwawa yaliyokwisha zeeka kidogo. Lile la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022, na limezamisha pori kubwa. Hilo ningependa lipimwe mapema, na samaki wake wala wenzao wapimwe kwanza.

Sasa baharini, nyumbani kwetu, ambako hakuna duara wala karasha, na ambako kila mtu anaamini samaki ni safi kwa sababu maji ni ya buluu.

Zebaki ikiingia hewani huzunguka dunia kwa miezi kabla ya kushuka. Inatoka kwenye makaa ya mawe yanayochomwa nchi za mbali, na inatoka pia kwenye majiko kama lile la kaka yangu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilisema uchimbaji mdogo wa dhahabu duniani ndio unaoongoza kwa zebaki inayorushwa hewani na binadamu, asilimia kama 38. Sehemu kubwa inaishia baharini. Kule kwenye vina vya kati inageuzwa methili-zebaki, na ngazi ya kulana baharini ni ndefu kuliko ya ziwani. Juu yake wamekaa papa, nduaro, jodari mkubwa. Papa haharakishi kukua kama sangara. Anaishi miaka mingi, anakula wanaokula wenzao, anakusanya tu. Kikomo cha kimataifa kilichowekwa na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, 2018 kwa methili-zebaki ni miligramu 1.6 kwa kilo ya papa na 1.2 kwa jodari. Msidhani ni upendeleo: ukimwekea papa 0.5 utatupa wengi mno, kwa hiyo kikomo kimefuata hali halisi ya bahari.

Tupige hesabu ya jikoni. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na la Chakula na Kilimo (FAO) wanasema mtu asizidishe maikrogramu 1.6 za methili-zebaki kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya maikrogramu 96. Akila sato mwenye miligramu 0.02 kwa kilo, ili ajaze nafasi hiyo itabidi ale karibu kilo tano za minofu kwa wiki. Sangara wa 0.1, karibu kilo moja. Papa wa 1.0, gramu 96, yaani kipande kimoja cha kitoweo na wiki imekwisha. Na huyo ni papa mbichi. Papa mkavu ametolewa maji, zebaki imebaki palepale, kipande kileile kimebeba zaidi.

Haya nilimwambia mama kwenye simu, kwa sababu mdogo wangu ni mjamzito na amerudi nyumbani Tanga kulelewa, na mama yetu anaamini hakuna kinachomjenga mjamzito kama bada, ugali wa muhogo, kwa papa wa nazi.

"Bibi yako kamla papa, mimi nimemla papa, na nyie nyote mmezaliwa na akili zenu. Au wewe umepungukiwa?"

Nikamwambia mama, bibi alikuwa anatumbukiza kipande kama kidole kwenye sufuria ya watu kumi, kikatoa harufu, bada ndiyo ikashibisha. Wewe unamwekea mtoto wa watu pande zima peke yake kwa kumpenda. Akacheka, lakini hakukubali upesi. Tukajadiliana samaki mmojammoja kama tuko mnadani Deep Sea, soko la samaki la Tanga. Vibua, ndiyo, hata kila siku. Dagaa mchele, ndiyo. Changu wa sahani, ndiyo. Jodari mdogomdogo mara mojamoja. Nguru naye ni mla wenzake, kipande kimoja kwa wiki, asizidishe. Papa na nduaro wasubiri. Nikasisitiza asiache samaki kabisa, maana mafuta ya samaki yanaujenga ubongo wa mtoto huyohuyo tunayemwogopea, na mjamzito anayekimbilia chai na mkate kwa sababu ya sauti ya WhatsApp hajapata faida yoyote.

Mama akauliza, je, na yule sangara unayetutumia? Nikamwambia wa kilo mbili tatu ni sawa. Wale majitu wa kilo 30 wanaopigwa picha begani mwa mtu, minofu yao nawauzia wanaume.

"Basi tuma sato," akasema. "Sangara ana shombo."